Kuacha makaa na gesi huku mfuko umetoboka: inawezekana, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

#1 Kisiki

Wakuu salaam. Kuna jambo linanikereketa tangu juzi nilipobishana na shemeji yangu mpaka tukanuniana.

Hoja yangu iko hivi. Waliotajirika walitajirika kwa makaa ya mawe, wakaja kwenye mafuta, wakaja kwenye gesi. Leo Afrika nzima, yenye watu kama 18 katika kila 100 duniani, inatoa asilimia 4 hivi tu ya hewa ukaa itokanayo na nishati. Na humohumo, kusini mwa Sahara, kuna watu wapatao milioni 600 wasio na umeme kabisa. Halafu tunaambiwa gesi iacheni chini, wekeni paneli. Mwaka 2022 gesi ya Urusi ilipopungua, Ujerumani iliwasha upya vituo vya makaa ilivyokuwa imeshavipumzisha. Hakuna aliyewaita wachafuzi. Ikaitwa usalama wa nishati. Maskini akisema neno hilohilo inakuwa dhambi.

Swali: nchi yenye kipato kidogo ikimbilie nini kwanza? Umeme nafuu, umeme usiokatika, au umeme safi? Mimi naona vyote vitatu kwa mpigo ni hadithi za kulalia.

#2 Tarumbeta

Umemaliza kila kitu mkuu. Wachome kwanza, wakishashiba watapanda miti. Moderata funga uzi.

#3 Bi Rula

Asifunge kitu. Kisiki, hayo ya asilimia na watu milioni 600 nakubaliana nayo, ila "hakuna aliyewaita wachafuzi" umeongeza chumvi. Walipigiwa kelele hukohuko kwao.

Na wewe Tarumbeta, ukame haukusubiri mtu atajirike. Zambia mwaka 2024 mvua ziligoma, Ziwa Kariba likakauka kiasi kwamba mitambo haikuwa na maji ya kuizungusha, na kuna maeneo watu walikaa gizani zaidi ya saa 17 kwa siku. Hali ya hewa ikiharibika, umeme wa maskini ndio unaokufa mwanzo.

#4 Tarumbeta

Bi Rula umejipiga ngwala mwenyewe. Kariba si umeme safi huo? Si ndio huo tunaosifiwa? Wangekuwa na makaa ya kutosha wasingelala giza.

#5 Bi Rula

Shida yao ilikuwa kuning'iniza zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa nchi kwenye chanzo kimoja, maji. Ukining'iniza wote kwenye makaa, mgodi ukigoma au reli ikikatika utaimba wimbo uleule. Afrika Kusini zaidi ya asilimia 80 ya umeme wao ni makaa, na mwaka 2023 walikuwa na mgao kwa zaidi ya siku 300. Makaa wanayo tele chini ya miguu yao, na giza lilikuwepo vilevile, maana vituo vilizeeka na matengenezo yalipuuzwa.

#6 Fundi Waya

Nyie mnazungumzia nchi, mimi ngoja nizungumzie karakana.

Nachomelea mageti na madirisha. Kwa miaka mingi nilitegemea gridi ya taifa na jenereta ya dizeli pembeni. Gridi ikikata, navuta kamba, jirani anafunga madirisha kwa moshi, na faida ya siku nzima inaingia kwenye tangi. Mafuta yakipanda siwezi kumpandishia mteja ambaye tulishakubaliana. Kuna kipindi dizeli ilikosekana kabisa wiki nzima, nikafunga.

Nikaweka sola. Taa, grainda, drili, safi kabisa. Lakini mashine ya kuchomelea ukiigusisha kwenye chuma inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, inveta inalia pii, inazima. Inabidi nichomelee vipande vidogovidogo saa sita hadi saa tisa jua likiwa kali. Likipita wingu, fimbo inanasa kwenye chuma kama ulimi kwenye barafu. Kwa hiyo jenereta bado ipo pale kwenye kona, nimeifunika turubai. Sijaiuza na siiuzi.

Anayeniambia sola haifanyi kazi ni mwongo. Anayeniambia inatosha peke yake, naye aje ashike fimbo.

#7 Sindano

Fundi Waya hapo kwenye betri umeruka. Kwenye zahanati niliyofanya kazi tuliletewa sola na wafadhili: paneli, betri, friji ya chanjo, na picha nyingi. Mwaka wa tatu betri zikawa haziwezi kuvuka usiku. Asubuhi nafungua friji naangalia kipimajoto, kinasoma 11 wakati chanjo hazitakiwi kuvuka 8. Unasimama pale na trei mkononi hujui utupe au ufanyeje. Bajeti ya kununulia betri nyingine haikuwa kwenye fungu la mtu yeyote. Ya uzinduzi ilikuwepo.

Kwa hiyo kwangu mimi gharama ni ile ya mwaka wa tatu.

#8 Mkali wa Paneli

Wakuu habari, nina paneli na betri za lithiamu, dhamana miaka kumi, njoo PM

#9 Moderata

Uzi huu si gulio. Onyo la kwanza.

#10 Kisiki

Hahaha. Angalau yeye anajua anachotaka.

Sindano asante, hilo la mwaka wa tatu nalibeba.

#11 Karani wa Mikopo

Nimesoma kimya, sasa niseme. Kazi yangu ni kuchambua maombi ya mikopo, na naona mnagombana mlangoni wakati nyumba iko nyuma.

Kituo cha gesi ujenzi wake si ghali sana. Gharama inakuja kidogokidogo unaponunua gesi kila mwezi. Sola na upepo ni kinyume: karibu gharama yote unailipa siku ya kwanza, baada ya hapo jua ni la Mungu. Maana yake, bei ya uniti ya sola inategemea sana bei ya pesa yenyewe, yaani riba. Na utafiti wa Shirika la Kimataifa la Nishati unaonyesha mtaji kwenye nchi zinazoendelea unagharimu mara mbili hadi tatu ya kule kwa matajiri.

Piga hesabu mwenyewe. Mkopo wa 100, miaka 20, riba ya asilimia 4: kila mwaka unarejesha kama 7.4, jumla 147 hivi. Mkopo uleule kwa riba ya asilimia 14: kila mwaka 15.1, jumla 302. Paneli zilezile kutoka kiwanda kilekile, na pengine jua la maskini ni kali zaidi, lakini uniti inatoka kwa bei mara mbili. Ndiyo maana waziri wa fedha wa nchi yenye madeni anaangalia gesi. Ujinga au ukaidi haviingii hapo. Gesi ni bili anayoweza kuianza na mfuko mtupu.

#12 Kipanga

Karani, nakupa tano kwa hesabu, lakini "bili anayoweza kuianza" ndiyo iliyowachinja Pakistani. Walijenga sehemu ya mfumo wao kwa gesi ya kuagiza kwa meli. 2022 Ulaya ikaingia sokoni na pesa ndefu, bei ikaruka, wakakosa shehena. Sri Lanka mwaka huohuo dola ziliisha, mafuta yakaisha, foleni siku kwa siku, hadi rais akatoroka nchi mwezi Julai. Nishati unayoinunua kwa dola wakati wewe unakusanya kodi kwa sarafu nyingine, huo ni usalama wa nani?

Na tazama kilichofuata Pakistani. Wananchi wenyewe, bila semina wala kongamano, walianza kununua paneli. Mwaka 2024 ziliingia kutoka China paneli za gigawati 17 hivi. Kwa nchi ile hicho ni kitu kizito. Paneli zilishuka bei kama asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, mtu akaona heri ajitegemee.

#13 Karani wa Mikopo

Malizia stori basi Kipanga. Waliohama na sola zao ni wenye paa na pesa. Gridi ikabaki na wateja wasio na uwezo, huku serikali imeshasaini mikataba na wenye vituo ya kulipa hata umeme usipotumika. Deni lilelile, wabebaji wachache. Bili ya aliyebaki inapanda, naye anatafuta namna ya kuhama. Ghana nao walishafungwa na mikataba ya aina hiyo, wakalipia umeme ambao haukuwasha hata taa.

#14 Tarumbeta

Kwa hiyo sola ya tajiri inalipwa na maskini. Asante kwa kunithibitishia.

#15 Kipanga

Hapana, kilicholipwa na maskini ni saini mbovu ya mkataba. Hata wangehama kwa kutumia mishumaa, deni lingebaki palepale.

#16 Zamu ya Usiku

Niko chumba cha udhibiti wa gridi, sitasema wapi. Ukutani kuna kipimo kinaonyesha frikwensi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Kinatakiwa kisimame kwenye 50. Mchana kimetulia. Kuanzia saa kumi na mbili jioni jua linazama na wakati uleule watu milioni kadhaa wanarudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Sindano inaanza kuteremka: 49.9, 49.8. Hapo unapiga simu kituo cha maji, unapiga kituo cha gesi, "ongeza, ongeza". Ikifika 49.5 jasho linatoka. Ikiendelea kushuka relei, zile swichi za ulinzi, zinaanza kukata mitaa zenyewe kabla mitambo haijajitoa, maana mitambo ikijitoa nchi nzima inazima, na kuiwasha upya ni kazi ya saa nyingi.

Sina ugomvi na sola. Nauliza tu: saa moja na nusu jioni nimpigie nani simu?

#17 Sindano

Mimi sishuki mkuu, usinisingizie.

#18 Zamu ya Usiku

Hahaha, samahani dada. Mshale basi.

#19 Bi Rula

Zamu, mpigie mwenye bwawa, ambaye mchana alibakiza maji kwa sababu sola ilikuwa inafanya kazi. Uruguay wamefanya karibu hivyo. Hawana mafuta wala makaa wala gesi yao, walikuwa wanaumizwa na bei ya mafuta kila mvua zikikosekana. Kuanzia miaka ya 2008 hivi wakaingiza upepo kwa minada na mikataba mirefu. Mwaka wa kawaida zaidi ya asilimia 90 ya umeme wao ni jadidifu. Upepo ukivuma, maji yanapumzika bwawani.

#20 Karani wa Mikopo

Bi Rula, Uruguay si maskini wa kumweka kwenye uzi huu. Mkopeshaji akiwaona anatabasamu. Tafuta mfano mwingine.

#21 Bi Rula

Haya, Vietnam. Serikali ilitangaza bei nzuri ya kununua sola, na kufikia mwisho wa 2020 walikuwa na gigawati kama 16, walipoanzia karibu sifuri miaka michache tu nyuma.

#22 Zamu ya Usiku

Na nyaya? Sola zilirundikana kusini na katikati, njia za kusafirisha umeme hazikutosha, waliowekeza wakaamriwa wapunguze uzalishaji. Halafu kiangazi cha 2023 kaskazini wakakatiwa umeme na viwanda vikasimama. Umeme ulikuwepo nchini, njia ya kuufikisha ndiyo haikuwepo.

Kenya ilikuwa vivyo hivyo kwa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310. Mapangaboi yalisimama tayari 2017, njia ya kilomita 400 na ushee ikakamilika 2018. Muda wote huo upepo unavuma, mashine zinaangaliana, na fidia ya kuchelewa inahesabiwa. Lakini niseme haki: leo umeme wao mwingi ni jotoardhi, maji na upepo, na jotoardhi ya Olkaria inawaka usiku na mchana bila kuuliza jua. Ila jotoardhi hauchimbi popote unapotaka, lazima uwe na volkano za kurithi.

#23 Chokochoko

Mnazunguka. Tatizo ni ruzuku za mafuta. Ondoeni ruzuku, pesa ipelekwe kwenye sola, kwisha habari. Tena ruzuku inamfaidi zaidi mwenye magari matatu.

#24 Kisiki

Chokochoko ni rahisi kuandika hivyo ukiwa umekaa. Ecuador waliondoa Oktoba 2019, nchi ikawaka moto, rais akapinduliwa.

#25 Bi Rula

Hakupinduliwa. Lenín Moreno alihamisha makao ya serikali kwa muda kutoka Quito kwenda Guayaquil, na baada ya siku kumi na kitu za maandamano akafuta amri ile. Alimaliza muhula wake 2021.

#26 Kisiki

Sawa mwalimu. Hoja inabaki: aliondoa, akarudisha.

#27 Chokochoko

Indonesia waliondoa ya petroli mwanzoni mwa 2015 na hakuna aliyehama ikulu.

#28 Karani wa Mikopo

Waliondoa wakati bei ya mafuta duniani imeporomoka, mwananchi hakuhisi kisu. Nigeria waliondoa Mei 2023, petroli ikapanda karibu mara tatu ndani ya siku chache. Nauli ikapanda kesho yake. Sola iliyoahidiwa kwa pesa hiyo, kama iliahidiwa, haiji kesho yake. Ni sera ileile ila majira mawili.

#29 Tarumbeta

Na hizo pesa za matajiri? Si Afrika Kusini walipewa dola bilioni 8.5 kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021 waache makaa? Wamezila?

#30 Bi Rula

"Walipewa" ndilo neno la kusahihisha. Sehemu kubwa sana ilikuwa mikopo na dhamana. Ruzuku ya bure ilikuwa kama asilimia 4. Na Marekani, mmoja wa walioahidi, ilijitoa Machi 2025. Ilijitoa pia kwenye mipango ya Indonesia na Vietnam.

Ile ahadi kubwa nayo ya nchi tajiri kwa maskini, dola bilioni 100 kwa mwaka, ilitolewa kwenye mkutano wa Copenhagen 2009 ifikiwe 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi tajiri, ilifikiwa 2022, na nyingi ni mikopo. Baku 2024 wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Waliokuwa wanaidai walitaja trilioni 1.3.

#31 Sindano

Yaani nyumba yangu inaungua kwa moto wa jirani, halafu jirani ananikopesha ndoo kwa riba.

#32 Mzee Kitasa

Wanangu shikamooni mnaonizidi, marahaba mlio wadogo. Nimefanya kazi kituo cha makaa miaka 27. Kifua changu kinajua makaa yana nini, asiniambie mtu. Lakini nawakumbusha Komati, Afrika Kusini. Kituo kilianza 1961, kikazimwa Oktoba 2022, kikaambiwa kitageuzwa cha sola, betri na chuo cha ufundi, Benki ya Dunia ikatoa fedha. Mji ule uliishi kwa kituo. Mkataba wa wakandarasi ukiisha, mama wa kufua, mwenye nyumba za kupanga, dereva, wote wanaisha siku moja. Paneli zikishafungwa zinahitaji watu wachache wa kufagia vumbi. Msifikiri wanaoandamana kutetea makaa wanayapenda makaa.

#33 Fundi Waya

Shikamoo mzee. Hapo umenigusa. Paneli kweli hazina kazi nyingi, lakini kufunga nyaya, kurekebisha inveta, kukagua betri, hiyo ni kazi na mafundi hatutoshi. Zile betri za zahanati ya Sindano kama zilikuwa za maji, nina hakika hakuna aliyezijaza.

#34 Sindano

Hakuna aliyetuambia zinajazwa.

#35 Kipanga

Naongeza moja ambalo hamjaligusa. Kuanzia Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza ushuru wa kaboni mpakani kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme. Ukitengeneza saruji kwa umeme wa makaa, unalipia mlangoni mwao. Kwa hiyo Tarumbeta na "wachome kwanza", wachome wamuuzie nani? Inaweza kuwa si haki, naona si haki hata mimi, lakini kituo cha makaa unakijenga kitumike miaka 40, na soko linabadilika kwa miaka 5.

#36 Tarumbeta

Wamuuzie India na China. India peke yake robo tatu ya umeme wake ni makaa, na Glasgow ndio walioshinikiza "kuondoa makaa" ikageuzwa "kupunguza makaa". Soko lipo.

#37 Kipanga

China hiyohiyo ilitangaza Septemba 2021 kwamba haitajenga tena vituo vipya vya makaa nje ya nchi. Fundi unamtoa wapi, na mkopeshaji unamtoa wapi? Na Ethiopia, ambayo si tajiri kwa kipimo chochote, 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sababu kubwa waliyotoa ni dola za kununulia mafuta, wakati wana maji ya mito. 2025 wakazindua bwawa la megawati 5,150. Walifuata pochi zaidi ya kufuata tabianchi.

#38 Bi Rula

Nawe mbona unaning'iniza wote kwenye maji? Soma #5.

#39 Kipanga

Nimekamatwa.

#40 Shemeji wa Kisiki

Salaam wote. Mimi ndiye shemeji wa #1, nimeona uzi kwa bahati mbaya yake. Sikusema tuache gesi. Nilisema kabla ya kubishania kituo kipya, umeme unaopotea njiani kwenye nyaya chakavu na wizi urudishwe kwanza, maana huo umeshalipiwa na hauna moshi wa ziada. Yeye akaamka akasema nimekula njama na mabeberu.

#41 Kisiki

Shemeji, hayo yalisemwa ndani ya familia.

#42 Fundi Waya

Hahahaha uzi umepata uhai sasa. Ila hoja ya nyaya ina nguvu. Mtaani kwangu umeme ukifika mwisho wa laini ni dhaifu, taa zinakuwa za manjano kama koroboi.

#43 Karani wa Mikopo

Shemeji, hoja nzuri, shida yake haina utepe wa kukata. Mbunge hazindui transfoma.

#44 Chokochoko

Mabeberu tuwarudie, hamjajibu kuhusu ruzuku.

#45 Kisiki

Chokochoko umejibiwa mara tatu. Zamu ya Usiku, swali langu la mwisho: hizi betri kubwa za gridi zikishuka bei kama paneli zilivyoshuka, si utakuwa umepata wa kumpigia simu?

#46 Zamu ya Usiku

Za saa mbili hadi nne, ndiyo, zingenivusha jioni. Za kuvuka wiki ya mawingu au msimu wa ukame ni habari nyingine. Nitaandika vizuri baadaye, sasa hivi ni saa kumi na mbili na robo na mshale umeshafika 49.8.

#47 Sindano

Nenda kapige simu mkuu.